Chupa ya Petroli Ndiyo Ilikuwa Sheria

Ijumaa, jioni. Jua limewaka tangu asubuhi bila haya. Mawingu yaliyojikusanya jana upande wa Kibwezi yametawanyika kama watu waliofika harusini wakakuta chakula kimekwisha.

Leo nina hasira.

Nimeanza na hilo kwa sababu sijawahi kuliandika hapa. Wachache mnaopita kwenye ukurasa huu mmenizoea nikiandika kuhusu kuku wetu, vitabu vya kuazima na uchovu wa kungoja matokeo ya kidato cha nne. Mimi ni mtu ambaye hata dukani husubiri wenye sauti wahudumiwe kwanza. Lakini leo nimeshindwa kusubiri.

Wageni walikuja kuona pampu yetu ya sola.

Acha nieleze vizuri, maana hasira isiyoelezwa hugeuka kuwa kununa tu, na mama amechoka na kununa kwangu.

Tunaishi karibu na Kalamba, kando ya mto ambao huwa na maji wiki chache kwa mwaka. Siku nyingine zote ni mchanga mtupu. Zamani wanawake wa mwethya, yaani kikundi chetu cha kusaidiana kazi, walijenga ukuta wa mawe na saruji kuukata mto huo. Mvua ikinyesha, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hujificha ndani ya mchanga ambako jua haliyafikii. Ukichimba kidogo, unayapata. Mama alibeba mawe ya ukuta ule akiwa na mimba yangu. Hupenda kusema kwamba nilianza kazi kabla sijazaliwa.

Kando ya ukuta kuna kisima kikubwa, na kwa miaka mingi kisima hicho kilikuwa na pampu ya petroli. Ilikuwa mashine mbaya. Ilikohoa, ilitoa moshi mweusi, na ukisimama karibu nayo nguo zilinuka hadi Jumapili. Kila nyumba iliyotaka kumwagilia ilikuja na petroli yake kwenye chupa ya soda. Unamimina, mashine inanguruma, maji yanakwenda shambani kwako. Petroli ikiisha, mashine inazima yenyewe, na anayefuata kwenye foleni anapiga kelele: "Chupa imekwisha!" Hapo hata ungekuwa mwenyekiti, unatoa mpira wako wa maji unampisha mwenzako.

Hakuna aliyewahi kuandika sheria hiyo. Hakuna aliyejua kuwa ni sheria. Tulidhani ni shida.

Halafu ikaja sola. Sitaki mtu aseme kwamba naichukia. Nilipokuwa kidato cha tatu ndipo paneli zilipofungwa pale juu ya kisima, na wote tulishangilia, mimi nikiwemo. Moshi ukaisha. Petroli tukaisahau. Mama alilima sukuma wiki akauza hadi sokoni katika mji wa Wote. Baba mdogo Kioko, ndugu yake marehemu baba, ambaye shamba lake limepakana na kisima, alipanda nyanya, na malori ya barabara ya Mombasa yakaanza kuja hadi hapa kwetu. Watu waliajiriwa kuchuma. Duka jipya lilifunguliwa. Karo yangu ya muhula wa mwisho ilitoka kwenye nyanya zile, na sijasahau. Kwa hiyo mtu akiniambia nishati ya jua hukuza uchumi, nitamjibu ndiyo, niliuona ukikua kwa macho yangu.

Kwenye mtihani tuliulizwa faida za nishati jadidifu. Nilijaza ukurasa: haichafui hewa, haiishi, hupunguza gharama. Yote ni kweli. Hakuna aliyetuuliza kitu kikishakuwa bure, ni nani atakayemwambia mtu kwamba zamu yake imekwisha.

Maana pampu ya sola haina chupa. Jua likichomoza inaanza, jua likitua inalala, na katikati haingurumi. Zamani ukipiga maji, bonde zima lilisikia na bonde zima lilijua ni wewe. Sasa maji yanapanda kimyakimya kutwa nzima kwenda kwa aliye karibu na mwenye ufunguo wa sanduku la swichi. Aliye karibu ni Baba mdogo. Mwenye ufunguo ni Baba mdogo. Mwenyekiti ni Baba mdogo.

Na hakuna sheria aliyovunja. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Asubuhi ya leo mimi na mama tuliteremka mtoni, chini ya ukuta, kwenye kishimo chetu cha maji ya kunywa. Mwaka juzi wakati kama huu ulikuwa unachota ukiwa umeinama tu. Leo nililala kifudifudi mkono ukiwa ndani hadi begani, nikachota kikombe kimoja, tukangoja, nikachota kingine chenye tope. Mama Wambua, jirani wa nyumba ya chini, alikuwa ametutangulia. Alikuwa na kikombe tu, hana hata mtungi.

"Mtungi umeuacha wapi?" mama akamuuliza.

"Nyumbani. Nije nao huku wa nini, Mama Ndanu? Kuutembeza?"

Tulicheka. Nachukia kwamba tulicheka. Mboga za Mama Wambua zilikauka mwezi uliopita, na mumewe amerudi kuchoma makaa, kazi aliyoiacha siku alipopata maji ya kulimia. Migunga iliyobaki kule mlimani anaikata yeye. Simlaumu. Watoto hawali hewa safi.

Tukipanda kurudi nyumbani mama aliniambia, bila kunitazama, "Leo usinitie aibu. Utasimama utoe shukrani, useme maneno mazuri, ukae. Wageni wakienda tutaongea." Nilikuwa nimechaguliwa kutoa shukrani kwa sababu "huyu amesoma." Kwa sababu hiyohiyo mimi ndiye ninayefuta vumbi kwenye paneli kila wiki, na ninao ufunguo wa ua wake. Nimemaliza shule, sina kazi, basi nipewe kitambaa. Miezi yote hii nimekuwa nikizing'arisha paneli ili zivute vizuri maji ya mama yangu.

Wageni walifika saa nne na magari yao. Walikuwa watu wazuri, na hilo nalo linaniudhi, ningependa wawe wabaya. Walipangiwa viti vya plastiki kando ya paneli. Walipiga picha za paneli, za nyanya, za akina mama wakiimba. Mgeni mkuu alisema kijiji chetu ni mfano: tumepunguza hewa ya kaboni na tumekuza uchumi kwa wakati mmoja, na kuna watu mbali sana wanaoamini mambo hayo mawili hayawezi kwenda pamoja. Kisha akauliza umati kwa furaha:

"Mnatumia petroli kiasi gani siku hizi?"

"Hakuna!"

"Na nyanya?"

"Nyingi!"

Makofi.

Hakuna aliyeuliza kuhusu maji.

Nyuma ya mgeni, juu ya mlima, uzi wa moshi ulikuwa unapanda kutoka kwenye tanuri la makaa la baba Wambua. Kila mtu wa hapa aliuona. Sote tulitazama viatu vyetu.

Kisha wakati wa chai ukafika, na ndipo nilipotaka kulia. Kisimani pampu ilikuwa inakwenda, lakini bomba lote lilielekezwa kwenye nyanya ili wageni waone maji yakitiririka kwenye mifereji. Chai ya watu wengi namna ile haiwezi kutoka kwenye kikombe cha Mama Wambua. Basi nikiwa jikoni na mke wa Baba mdogo nikasikia pikipiki. Ni ya Baba mdogo mwenyewe, ile aliyoinunua kwa pesa za nyanya, na jamaa aliyemwajiri alikuwa amefunga mitungi ya manjano huku na huku hadi tairi la nyuma limebonyea. Alikuwa ametoka kununua maji sokoni.

"Pitia nyuma, pitia nyuma!" mke wa Baba mdogo akamwambia kwa mikono yote miwili. "Wageni wasione!"

"Na hii ni safari ya tatu," jamaa akasema akijifuta jasho. "Hii pikipiki inakunywa petroli kuliko nyinyi mnavyokunywa chai."

Nilisimama na birika mkononi. Petroli. Ile tuliyopigiwa makofi kwa kuiacha. Haikwenda popote, ilihama tu kutoka kisimani ikapanda pikipiki, na sasa inaturudishia kwa mtungi maji ambayo sola imeyamaliza. Nani atakayeihesabu hiyo? Nani atakayehesabu migunga ya baba Wambua? Kwenye picha zao bomba ni safi na anga ni ya bluu, na kwa kweli anga ni ya bluu, ndiyo shida yetu yenyewe.

Nikaitwa kutoa shukrani.

Nilisimama. Nilikuwa na maneno yote. Yalikuwa yamepanga foleni kooni kama akina mama na chupa zao. Nikasema tunawashukuru sana wageni wetu, tunaomba msichoke na sisi, Mungu awabariki. Nikakaa. Mgeni mkuu akaniambia mimi ni msichana mwerevu, nisomee mambo ya mazingira.

Nilitamani ardhi ipasuke, na safari hii iwameze wengine, si mimi.

Magari yalipoondoka nilikwenda kumtafuta Baba mdogo. Alikuwa ameketi na wanaume wenzake wakimalizia soda. Nyuma yao maji yalikuwa bado yanakwenda. Mifereji ya nyanya ilikuwa imejaa hadi maji yakamwagika njiani, na bata wa jirani walikuwa wanaoga. Wanaoga! Nikamwambia, kwa ile sauti yangu ambayo lazima mtu ainame ndipo aisikie, "Baba mdogo, si tuizime pampu kidogo?"

"Tuizime? Kwani inakula nini?"

"Maji yanaisha."

"Maji ni ya Mungu, na jua ni la Mungu. Jua ni bure, mami. Au Mungu amekutumia risiti?"

Wanaume wakacheka hadi mmoja akapaliwa na soda. Baba mdogo hakunicheka kwa ubaya. Aliniongezea hata chupa ya soda niende nayo nyumbani. Ukimchukia mtu kama huyo unaonekana wewe ndiye mbaya.

Nilikwenda nyumbani. Soda nikaiweka mezani bila kuifungua. Nikachukua turubai tunaloanikia mbaazi, lile kubwa la bluu, nikalikunja, nikapanda nalo kisimani. Sikuwa na ufunguo wa swichi. Nilikuwa na ufunguo wa ua tu, na mikono inayozijua paneli zile kuliko mikono ya mtu yeyote.

Nikafungua lango. Nikazifunika.

Halikutosha zote. Nikavua leso yangu ya kiunoni nikafunika ile ya mwisho.

Pampu haikulia ilipozima, kama vile isivyolia inapofanya kazi. Nilisikia tu bomba likikoroma kidogo, kisha bata wakalalamika. Nilisimama pale jua likinipiga utosini, nikijiambia kimbia, kimbia sasa. Miguu ikakataa. Sijui kama ulikuwa ujasiri au ilikuwa imeganda.

Baba mdogo alikuja na gambuti zake akipiga kelele tangu mbali. "Nani? Nani huyo anachezea mashine?" Akafika langoni. Akanitazama, akatazama turubai, akanitazama tena.

"Ndanu? Ni wewe? Wewe ambaye huwezi kununua chumvi bila kunong'ona?"

Nilitaka kumwambia habari za kishimo, pikipiki, Mama Wambua, makaa, yote. Kilichotoka ni kimoja.

"Chupa yako imekwisha, Baba mdogo."

Akageuka kutazama kisima. Yeye ni mtu mzima, anakumbuka foleni ile kuliko mimi. Halafu hasira ikampanda. "Usinifundishe mambo ya chupa! Nani alikulipia karo? Toa turubai hilo kabla sijalitoa mimi."

Wakati huo watu walikuwa wamekuja kuchungulia, na nyuma yao nikamwona mama akipanda kilima taratibu. Nikajua nimekwisha. Mama ni mtu wa heshima, huyu ni shemeji yake, na asubuhi alikuwa ameniomba jambo moja tu.

Akaingia ndani ya ua bila kuniangalia. Upepo ulikuwa unainua pembe moja ya turubai. Mama akainama, akachukua jiwe, akalikandamizia pale.

Kisha akachukua jingine, akakandamiza na upande wa pili.

"Mama Ndanu, hata wewe?" Baba mdogo akasema. "Na nyanya zangu zikinyauka?"

"Zitanyauka, shemeji. Sukuma yangu ilinyauka. Hatukualika wageni."

Mtu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Mama akaendelea kwa sauti ileile ya kawaida, ya kuulizia bei ya vitunguu. Akamwambia kwamba kila jiwe la ukuta ule bado analihisi mgongoni mwake hadi leo, kwamba karo ya mtoto alishukuru na atashukuru tena, lakini shukrani si maji. Akamwambia ateremke naye mtoni alale kifudifudi kwenye kile kishimo, achote kikombe kimoja mbele ya watu wote, kisha apande kufungua pampu kama bado anataka.

Baba mdogo hakuteremka. Alisimama akichezea ufunguo wa swichi mfukoni, tulisikia ukilia. Mwishowe akasema, "Jumapili baada ya ibada. Kikundi kizima. Na huyu mtoto wako aje aseme mwenyewe, asijifiche nyuma ya turubai." Akaondoka. Turubai hakuligusa.

Nilidhani mama atanigombeza tukifika nyumbani. Aliuliza tu mbaazi sasa zitaanikwa wapi.

Kwa hiyo nimebaki na Jumapili.

Nina hasira bado. Nina hasira na wageni waliouliza maswali mawili na kuacha la tatu. Nina hasira na ukurasa wangu wa mtihani uliojaa faida. Nina hasira na sisi wote tulioangalia viatu. Na nina hasira nikifikiri kwamba kuna mtu atakayesoma haya na kusema, "Unaona, sola ni mbaya, rudini kwenye petroli." Hapana. Sitaki ule moshi tena. Mvua zinachelewa kila mwaka, na sisi ambao hatukuchoma karibu chochote ndio tunaozingoja. Tunalihitaji jua lile. Nataka tu tukubali kwamba mashine mpya inahitaji watu wa kuiambia basi.

Nimekuwa nikiwaza la kusema. Siwezi kwenda pale na hasira tu, mikono mitupu. Nimewaza hivi: tuteremshe mti mrefu ndani ya kisima na kuufunga utepe. Maji yakishuka chini ya utepe, paneli zifunikwe, hata anayemwagilia awe nani, na kila mtu aone kutoka mbali kwamba zimefunikwa. Maji ya kunywa kwanza, kisha mifugo, kisha mboga, na nyanya za lori mwisho. Kila nyumba iwe na asubuhi yake au alasiri yake. Ufunguo wa swichi uzunguke. Si jambo kubwa. Mama anasema akina mama watalielewa kabla sijamaliza kulisema, kazi itakuwa kwa wale wenye soda.

Inawezekana Baba mdogo akashinda. Ana watu wengi, na nusu yao wanachuma nyanya zake. Inawezekana Jumatatu turubai likatolewa, na mvua isipokuja mapema kishimo chetu kikabaki shimo tu. Sijidanganyi.

Nimejaribu kusema maneno yangu kwa sauti mbele ya kuku. Sauti ilikatika mara ya kwanza. Mara ya pili ilikatika pia, lakini mbele kidogo.

Jumapili nitasimama. Nikitetemeka, basi nitatetemeka nikiwa nimesimama.